Skrubu ya pampu haiongezi hewa

Swali la msomaji: "Fundi, nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini 3L ya lita 2.8, haina tabo. Niliifunga matairi makubwa, nikatoka 205R16 nikaenda 265/75R16. Sasa nikipakia mzigo, mlimani gia ya tatu haishiki. Narudi ya pili na moshi unatoka. Mafuta nayo inakunywa, nimepima nikapata kilomita 7 kwa lita. Jamaa mmoja ananishauri tukaze skrubu ya pampu, mwingine anasema nifunge tabo. Halafu hiyo torki ni kitu gani hasa, maana kila mtu anaitaja? Mimi nataka nguvu iongezeke na mafuta yapungue."

Ndugu yangu, skrubu hiyo, inayopanga kiasi cha dizeli ambacho pampu inaipigia injini, usiiguse kwanza. Nitakueleza kwa nini, ila itabidi twende mpaka palepale mlimani unaporudi gia ya pili, kwa sababu hapo ndipo torki, nguvu na mafuta vinapokutana.

Torki ni msokoto. Chukua spana yenye urefu wa mita moja, ishike kwenye nati, kisha tundika ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha yake. Msokoto unaoipata ile nati ni newton-mita (Nm) 196 hivi. Injini yako ilipotoka kiwandani, kilele cha torki yake kilikuwa takriban Nm 188, kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Yaani injini nzima, na kelele zake zote, haijaifikia ile ndoo. Mtu mzima akisimama kwenye ncha ya spana hiyo anaishinda zaidi ya mara tatu. Lakini yeye akishakanyaga nati ikalegea, kazi yake imeishia hapo. Injini yako inarudia mzunguko huo mara 40 kila sekunde, saa nzima ukitaka, bila kuhema. Msokoto ukiuzidisha kwa kasi ya mzunguko ndipo unapata nguvu, ile tunayoihesabu kwa farasi au kilowati.

Hesabu yake ni fupi: torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Kwenye kilele cha torki yako, 188 mara 2,400, ni kilowati 47. Kwenye mizunguko 4,000 torki imeshashuka hadi kama 160, lakini kwa kuwa mzunguko ni mkubwa, nguvu imefika kilowati 67, ambazo ndizo farasi 91 za kwenye kitabu. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana kipi bora kati ya torki na farasi, wanabishana juu ya vitu visivyotengana, maana farasi ni torki ileile ikizidishwa kwa mizunguko. Mfano ninaoupenda ni ile Cummins ya lita 5.9 iliyoingia kwenye pikapu za Dodge mwaka 1989. Farasi zake zilikuwa 160 tu, idadi ambayo gari dogo la petroli linaweza kuwa nayo, lakini torki yake ilikuwa karibu Nm 542, na ilikuwa inaipata chini kabisa, kabla ya mizunguko 2,000. Dereva wake hahitaji kuipigisha kelele ili ivute. Ndiyo maana watu husema dizeli ina nguvu chini. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu iliyonayo inapatikana mapema, hulazimiki kuisubiri hadi injini ilie.

Sasa twende mlimani. Tuseme gari na mzigo ni tani 2.5, mlima una mwinuko wa asilimia 8, na unataka kupanda kwa kilomita 50 kwa saa. Kuuinua uzito huo, kuyashinda matairi na upepo, na kulipia kinachopotea kwenye giaboksi na difu, unahitaji kilowati kama 38 kutoka kwenye injini. Hapo hakuna ujanja, mlima hauna punguzo.

Chukua difu, yaani gia za kwenye ekseli, yenye uwiano wa 4.1 (shafti inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja) na gia ya tatu yenye uwiano wa 1.45, ambazo haziko mbali na za pikapu nyingi za aina yako. Kwa matairi ya zamani, yenye kimo cha milimita 735 hivi, kwenye kilomita 50 kwa saa injini ilikuwa inazunguka karibu mara 2,200 kwa dakika na inatoa kilowati 43. Unahitaji 38, unazo 43, gia ya tatu inashika na unabaki na akiba kidogo. Hayo 265/75R16 yana kimo cha milimita 804 hivi, nyongeza ya asilimia 9. Kwa kasi ileile na gia ileile injini sasa inazunguka 2,000, na nguvu iliyopo ni kilowati 39. Akiba imekuwa kilowati moja. Hapo bado tunahesabia injini mpya. Yako ikiwa imepoteza asilimia 10 tu ya nguvu yake kwa uzee, una 35, na unahitaji 38. Kasi inashuka, mzunguko unashuka pamoja nayo, nguvu inazidi kupungua, nawe umekwisha kuirudisha ya pili.

Kwa hiyo injini haikufa siku uliyofunga matairi. Ulibadilisha difu bila kujua, kwa sababu tairi refu ni sawasawa na gia nzito zaidi, na ukachukua akiba ambayo injini iliyochoka ilikuwa inaishi nayo. Tiba ya moja kwa moja ni kurudi kwenye saizi ya awali, au angalau kushuka hadi tairi lililo katikati. Ukiyapenda sana hayo makubwa, tafuta meno ya difu ya 4.5 na kidogo badala ya 4.1, uwiano unarudi karibu na pale ulipokuwa, hata unazidi kidogo upande wa kuvuta. Kama gari inavuta kwa magurudumu manne, difu zote mbili zibadilishwe pamoja, la sivyo ukiingiza foo-wili mbele na nyuma zitavutana.

Tuje kwenye skrubu. Huyo jamaa yako hadanganyi: ipo nyuma ya pampu, mara nyingi imefungwa kwa waya na lakiri ya risasi, na ukiikaza hata robo mzunguko utasikia tofauti. Lakini angalia inachoongeza. Injini yako haina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kwa hiyo inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Kila mizunguko miwili inapitisha lita 2.8 za hewa, tukitoa zinazopungua njiani zinabaki kama lita 2.4, sawa na gramu 2.8 hivi. Dizeli ili iungue bila moshi katika injini za aina hii inataka hewa yenye uzito wa karibu mara 20 ya uzito wake. Gramu 2.8 gawa kwa 20, kisha gawia silinda nne: kila silinda ina haki ya mafuta ya milimita za ujazo 43 tu kwa kila mlipuko. Tone la maji linalodondoka kwenye bomba bovu ni kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo kila silinda inalishwa chini ya tone moja, ikipigwa na nozeli ndani ya chumba kilichobanwa hadi hewa inakuwa moto wa kuwasha mafuta yenyewe, na tone hilo linatakiwa lisambae, likutane na hewa na kuungua lote kabla pistoni haijafika mbali.

Ukikaza skrubu unaongeza tone, hewa inabaki ileile. Mwanzoni utapata nguvu kidogo, siwezi kukataa, kwa sababu kiwandani huwa wanaacha nafasi kabla ya moshi. Baada ya hapo unachonunua ni masizi na joto. Wewe tayari unaona moshi mlimani. Kama moshi huo ni mweusi, gari yako inakuambia kwamba mafuta inayoyapata sasa hivi inashindwa kuyamaliza, na wewe unataka kuiongezea! Ukiwa unaishi juu sana hali inakuwa mbaya zaidi, maana hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na pampu ya kawaida ya zamani haina habari, inapiga kiasi kilekile.

Moshi wenyewe uangalie vizuri mchana, si usiku. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Mweupe unaochoma macho injini ikiwa baridi ni mafuta yasiyowaka, ambayo hutokana na taimingi ya pampu (wakati inapopiga mafuta) kuchelewa au mbano wa hewa ndani ya silinda kuwa hafifu. Wa bluu ni oili, na huo una hadithi yake nyingine.

Kabla ya kununua chochote, rudisha kilichopotea. Anza na kitu ambacho watu hukidharau. Niliwahi kuletewa pikapu ya namna hii, mwenyewe ameshaambiwa kwingine kwamba ni ya kubomoa: ringi zimekwisha, injini haina nguvu. Nikamwambia akae ndani akanyage mafuta mpaka chini, mimi nikafungua boneti nikatazama mkono wa pampu. Ulikuwa unasimama unene wa kidole gumba kabla ya kugusa kizuizi chake cha mwisho. Kebo ilikuwa imelegea, na chini ya pedeli kulikuwa na zulia mbili zimelaliana. Tukatoa zulia, tukavuta kebo, tukairudisha barabarani. Ile injini ilikuwa imeendeshwa sijui miaka mingapi ikipewa robo tatu ya mafuta yake. Kwa hiyo fanya hivyo leo, ni dakika mbili na huhitaji spana kubwa.

Baada ya kebo nenda kwenye hewa. Filta ya hewa itoe, usiipige-pige tu ukaridhika. Fuata na bomba lote hadi kwenye manifoldi, kwa kuwa bomba la mpira la zamani hulainika ndani likajifunga injini inapovuta kwa nguvu, halafu ukizima linarudi umbo lake na wewe hulioni. Ekzosi nayo ikiwa imebonyea sehemu moja au imejaa masizi, hewa chafu haitoki, hewa safi haiingii.

Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hapa nitawaudhi mafundi wenzangu. Kuna mazoea ya kuitoa na kuitupa ili gari "isichemshe". Injini ya dizeli isiyofika joto lake, nyuzi 80 na kuendelea, inakula mafuta zaidi, oili inabaki nzito, silinda zinachakaa, na moshi mweupe wa asubuhi hauishi. Gari ikichemsha dawa yake ni rejeta, feni, pampu ya maji na mfuniko, si kuondoa kifaa kinachoitunza. Kama sindano ya joto ya gari yako haifiki katikati hata baada ya nusu saa barabarani, wameshaitoa.

Nozeli zako zina kazi ngumu na zinachoka kimyakimya. Zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, zitazamwe shinikizo la kufungukia na umbo la mnyunyizo. Nzuri inapiga ukungu na kukata ghafla kwa mlio mkavu. Mbovu inachuruzika kama pua yenye mafua, na hilo tone lako la milimita za ujazo 43 linaungua nusu. Wakati nozeli ziko nje ndiyo nafasi ya kupima mbano wa silinda. Injini hizi zinabana sana, kama 22 kwa 1, na ikiwa nzima utasoma shinikizo la karibu baa 30 kila silinda. Ukikuta moja iko 20 na zingine 28, usiendelee na mambo ya nguvu, una injini ya kufungua. Mwisho taimingi ya pampu: 3L inatumia mkanda, na fundi aliyeufunga kwa kukisia jino moja anakuharibia nguvu na mafuta kwa pamoja. Pima na breki pia. Endesha kilomita chache bila kufunga breki sana, simama, shika rimu kwa kiganja. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, unabeba mzigo usioujua.

Sasa mafuta. Zile kilomita 7 kwa lita si za kweli. Odomita yako inahesabu mizunguko, na imepangwa kwa tairi la zamani. Tairi jipya likizunguka mara moja linatembea mbali zaidi kwa asilimia 9, lakini odomita haijui. Ikikuonyesha 700 umetembea kama 765. Kwa hiyo unapata kilomita 7.6 kwa lita, na spidi ikisoma 80 wewe uko 87, jambo ambalo linaongeza matumizi kwa upande wake. Pima upya: jaza tenki hadi shingoni, tembea, jaza tena palepale kwenye pampu ileile, chukua umbali kwenye ramani ya simu badala ya odomita, na ufanye hivyo kwa tenki tatu. Tenki moja haisemi kitu.

Usitarajie miujiza pia. Injini yako inapiga mafuta kwenye chumba kidogo cha pembeni kilicho kichwani, si moja kwa moja juu ya pistoni. Chumba hicho kinaifanya iwake kwa upole na isigonge sana, lakini kuta zake zinakula joto, na hewa inapoteza nguvu ikipita kwenye koo lake jembamba. Injini zinazopiga moja kwa moja, kama Isuzu 4JA1 ya lita 2.5, kwa kazi ileile hutumia mafuta pungufu kwa asilimia 10 hadi 15. Hakuna skrubu itakayofuta tofauti hiyo. Hilux yenye 3L nzima, matairi ya saizi yake na dereva mtulivu, mimi nikiona kilomita 9 au 10 kwa lita naridhika, na nikiona 11 nauliza kama ilikuwa tupu.

Utulivu huo una namba zake. Upepo unakua kwa mraba wa mwendo, na pikapu ni kama ukuta wenye matairi. Kwa makadirio yangu, kwenda 80 kwenye tambarare kunadai kilowati 16 kutoka kwenye injini. Kwenda 110 kunadai kama 33. Nguvu imezidi maradufu kwa sababu ya kilomita 30 tu za ziada. Vyuma vilivyofungwa juu ya keria bila kitu ndani vinalipiwa kila siku kwa namna hiyohiyo.

Jingine ni gia. Wapo wanaodhani gia kubwa wakati wote ndiyo kubana matumizi. Kwenye tambarare, sawa. Lakini mlimani ukiishikilia gia ya nne kwenye mizunguko 1,400 huku pedeli iko sakafuni, nguvu iliyopo ni kilowati 24 hivi, mafuta yanaungua vibaya, bearingi za shafti zinapigwa, na kasi inakufa vilevile. Pangua gia mapema, kabla haijaanza kutetemeka, uiweke kati ya 2,000 na 2,800, na uachie pedeli kidogo. Ikianza kuvuta bila moshi, hapo ndipo inapotumia mafuta kwa faida. Ukiteremka usiweke nyutro. Gari ikiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, gavana ya pampu, kidhibiti chake cha mafuta, inayakata kabisa na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro injini inarudi kujilisha ili isizime, na breki zinabaki peke yake na mzigo wako.

Kuhusu tabo, huyo jamaa wa pili ana hoja nzuri kuliko wa kwanza, kwa sababu tabo inaleta hewa. Ikisukuma baa 0.4 au 0.5 tu, injini inapata nafasi ya kuunguza mafuta zaidi bila moshi, na hapo ndipo skrubu ile inapokuwa na maana. Lakini kichwa cha silinda chenye vile vyumba vya pembeni hakipendi joto. Watu waliokaa na 2L-T, ndugu ya injini yako iliyotoka kiwandani na tabo, wanakijua kilio cha kichwa kilichopasuka. Pistoni za injini ambayo haikuzaliwa na tabo mara nyingi hazina hata kipulizo cha oili cha kuzipoza kwa chini. Mimi ningekubali tabo kwa masharti: mbano uwe mzuri silinda zote, rejeta mpya, themostati ipo, na geji ya joto la ekzosi ifungwe kabla ya tabo yenyewe, kihisi kikiwa kwenye manifoldi na si baada ya tabo. Ikisoma nyuzi 700 mlimani, achia mafuta, hata kama inavuta vizuri. Na usiifunge ukitegemea mafuta yapungue. Kwenye karatasi yanaweza kupungua kidogo; barabarani mguu ukishaonja ile nguvu hauachi, nimeuona mwenyewe, na mguu huo ulikuwa wangu.

Anza na kebo, filta, themostati na kugusa rimu, vyote vya mchana mmoja. Kisha azima matairi ya saizi ya zamani kwa mtu mwenye gari kama yako, upande mlima uleule na mzigo uleule. Gia ya tatu ikishika, chagua kati ya matairi na difu. Isiposhika, nozeli na mbano vipimwe wiki hiyohiyo, na skrubu ibaki na lakiri yake.